Ushuhuda wa Mguu wa Kushoto

Jumapili moja mwaka jana nilisimamishwa kanisani kwetu, hapa Tanga, nitoe ushuhuda. Mzee wa kanisa aliyenikaribisha alikwisha kuutoa kabla yangu: "Huyu dada mlimwona mwaka juzi anakuja na fimbo, kashikwa mkono huku na huku. Leo kapanda ngazi mwenyewe. Bwana asifiwe!" Vigelegele vikalia. Nikapokea kipaza sauti nikasema, "Jamani, sijapona." Kanisa likanyamaza.

Nikajaribu kueleza. Nikasema habari za maharage, dona, maji ya kunywa, na dripu ninayowekewa kila baada ya miezi sita. Dakika mbili hazijatimia, mpiga kinanda alikwisha kuanza pambio. Siwalaumu. Watu walikuja kusikia muujiza, mimi nikawaletea tembele. Lakini ushuhuda ule sikuumaliza, na deni la ushuhuda hulipwa.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kushonea kiko Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu, chuma cheusi nilichoachiwa na mama. Kwa hiyo ugonjwa wangu haukuanzia hospitali, ulianzia kwenye pedali. Nilikuwa na miaka 32. Mguu wa kushoto ukaanza kuchelewa: wa kulia unakanyaga, wa kushoto unafuata kwa kinyongo kama mtoto aliyetumwa dukani hataki. Mishono ikawa inapinda. Mwaka uliotangulia jicho langu la kulia liliwahi kuingia ukungu wiki tatu, linauma kila nikiligeuza, kisha likatakata lenyewe. Nilinunua miwani kwa wachuuzi nikasahau. Sikujua kwamba jicho na mguu ni kesi moja.

Nikatibiwa malaria mara mbili na taifodi mara tatu. Nikachomwa sindano za vitamini. Wifi yangu alikuwa na hakika kwamba nimekanyaga kitu, na nisidanganye, kuna usiku nami niliamini. Mguu unaokufa ganzi kuanzia kidole hadi kiunoni, bila kidonda, bila ajali, utausemaje?

Ilichukua miaka miwili na safari ya Dar es Salaam, ndani ya mashine ya MRI, ndipo daktari wa mishipa ya fahamu aliponionyesha picha ya ubongo wangu. Madoa meupe hapa na pale. Akasema ni makovu. Ugonjwa unaitwa maltipo sklerosisi. Tulio nao tunasema MS, inatosha. Ni kinga ya mwili kumgeuka mwenye nyumba: badala ya kupigana na vijidudu, inakula mayelini, ile ala inayoifunika mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Nilimwelewa upesi kuliko alivyotarajia. Panya waliwahi kuguguna waya wa pasi yangu ya kazini. Ikawa inawaka na kuzima bila mpango, na tatizo halikuwa kwenye bamba la pasi. Mguu wangu nao haukuwa na kosa.

Jean-Martin Charcot aliueleza ugonjwa huu mjini Paris mwaka 1868, na mpaka leo ni mwingi zaidi kaskazini ya dunia, mbali na ikweta, na kwa wanawake kuliko wanaume. Daktari wangu alisema wagonjwa wa aina yangu aliokwisha kuwaona anawahesabu kwa vidole. Maana yake kwangu ilikuwa moja: hapa nyumbani sina jirani wa kumuuliza, "Wewe unakula nini?"

Nililazwa siku tatu nikiwekewa dawa kali ya kutuliza uvimbe, gramu moja kila siku kwenye mshipa, na mguu ukarudi, karibu wote. Njaa niliyotoka nayo hospitali sijawahi kuiona. Kisha nikaanzishiwa rituksimabu, dripu ya kila miezi sita. Kwa bei, kila dripu ilikuwa cherehani nyingine mpya.

Sasa chakula. Dada yangu, mtoto wa mama mdogo, ni muuguzi Bergen, Norwei, nchi ambayo MS si ajabu kabisa. Ndiye aliyenituliza kwamba huko nako wagonjwa wengi wanapewa dawa ileile yangu. Na ndiye aliyenisimulia habari za daktari Roy Swank. Huyu alichunguza vijiji vya Norwei na mwaka 1952 akatangaza alichokiona: wakulima wa bara, watu wa siagi, maziwa na nyama, walikuwa na MS nyingi kuliko wavuvi wa pwani. Akawawekea wagonjwa wake sharti la mafuta yanayoganda, yale ya siagi na nyama nono: yasifike gramu 20 kwa siku. Mwaka 1990, katika jarida la Lancet, alieleza habari za wagonjwa 144 aliowafuatilia kwa miaka 34. Waliolishika sharti walibaki na nguvu zao kuliko walioliacha.

Nilicheka kwa furaha kwenye simu. Mimi mtoto wa pwani, samaki ninao mlangoni, basi nimeokoka! Dada akaniuliza kwa upole, "Na nazi?"

Nazi. Mafuta yake karibu yote ni hayohayo yanayoganda. Kikombe kimoja cha tui la kwanza kinazimaliza gramu 20 na kuzipita mara mbili. Na nani Tanga anapika kwa kikombe? Wali wa nazi, maharage ya nazi, kisamvu cha nazi, samaki wa kupaka. Nikiwa msichana, kumwambia mtu "leo kwetu tumekula chukuchuku" ilikuwa ni kumwambia kwamba hakuna hela. Nilipompikia mama mkwe wali wa chumvi na maji, aliuonja, akaweka kijiko chini. "Mwanangu, hiki ni chakula cha mahabusu." Nikamjibu, "Ndivyo, Mama. Nimefungwa."

Ingekuwa nimeishia hapo nisingekuwa na la kusimulia. Nilikosea mbele kidogo. Mtu mmoja anayeuza virutubisho, simtaji, alinikuta nimekwisha kuamini kwamba chakula kina nguvu, akanisogeza hatua moja tu. Alisema kama chakula ndicho kilicholeta ugonjwa, dripu ni sumu juu ya sumu. Nisafishe damu. Siku 40 za juisi na unga wa majani, kisha mboga tupu, hakuna ugali, hakuna maharage, hakuna dagaa. Naomba mnielewe: sikuwa mjinga, nilikuwa nimechoka kulipa. Mtu akikwambia kwamba kitu kinachokufilisi ndicho kinachokuua, masikio yanafunguka yenyewe.

Nikaruka dripu mbili.

Mwanzoni nilikuwa na raha ajabu. Nilishuka kutoka kilo 84 hadi 66. Wateja wananisifu, magauni yangu nayapunguza ubavuni mwenyewe. Ilipofika Februari, wakati Tanga hata usiku haupoi, nikaamka nakuta miguu yote miwili si yangu na shuka limelowa. Picha mpya ya MRI ilikuwa na makovu mawili ambayo hayakuwapo.

Nililazwa tena, huko ndiko nilikofunzwa, na aliyenifunza kwanza hakuwa daktari bali mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana wa umri wa mdogo wangu. Alichukua futi kamba, kifaa changu cha kazi, akanipima paja la kushoto, akapima la kulia, akaandika. Kisha akasema, "Dada, hizi kilo ulizozipunguza, nyingi si mafuta. Umepunguza mguu."

Nililia siku ile kuliko siku ya kuambiwa ugonjwa. Mishipa yangu ya fahamu ilikuwa imechunika, hilo sikulitaka mimi. Lakini nyama ya paja, ambayo ndiyo ingebeba mzigo pale ujumbe wa ubongo unapofika nusu, niliila mwenyewe kwa kukosa kula.

Afisa lishe alikuja kesho yake. Nilijiandaa kumtajia vyakula. Swali lake la kwanza likawa, "Unakunywa maji kiasi gani?" Nikamwambia ukweli: sinywi. MS ilikuwa imekigusa kibofu, haja ndogo inakuja kwa amri ya ghafla, na choo cha pale ninaposhonea kiko ng'ambo ya ua. Mwenye mguu wa kuburuza hawezi kuukimbilia ua. Nikatafuta dawa yangu: chai kikombe kimoja asubuhi, basi mpaka jioni.

Akanichorea kwenye karatasi kilichokuwa kinatokea. Maji hakuna, choo kikubwa kinakaa siku nne, tumbo linajaa na kukibana kibofu. Mkojo unakaa, unaingia vijidudu, homa inapanda. Na homa, kwa mtu wa MS, ni adui wa miguu moja kwa moja. Mwaka 1890 daktari Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza wagonjwa waliopungukiwa na uwezo wa kuona baada ya kazi ya jasho. Mshipa wa fahamu uliochunika ukipata joto, hata nyuzi moja au nusu yake, ujumbe unapotea njiani, ukipoa, unarudi. Mara ngapi nililala kitandani nikidhani ugonjwa umenirudia, kumbe ni mkojo na kiu!

Basi mabadiliko ya kwanza ya lishe yangu hayakuwa chakula. Yalikuwa maji: kikombe nikiamka, kingine kila baada ya saa mbili, mwisho saa kumi na mbili jioni, na choo naenda kwa saa badala ya kungoja niitwe. Baada ya wiki tatu nilikuwa natoka nyumbani bila khofu. Kwa mtu asiyejua, hilo ni dogo.

Vyakula navyo havikuwa vya ajabu, na hata sasa watu hukata tamaa nikivitaja. Nilikuwa naamkia chai yenye sukari vijiko vinne na maandazi mawili. Saa tano macho yanafumba, mguu umeisha. Sasa naamkia uji wa ulezi wenye karanga za kusaga, au viazi vitamu na yai. Sembe nimeiacha kwa dona. Maharage, kunde au choroko kila siku, na hapo ndipo choo kiliponyooka. Dagaa. Vibua vya kuchoma, maana kukaanga kunavirudisha kulekule kwenye mafuta. Mchicha, tembele, mchunga. Machungwa ya Muheza, nyumbani kwetu, tena sikamui, nakula na nyama yake. Soda imebaki ya harusini. Ugali wa mchana nimeugawa mara mbili, nusu saa saba, nusu saa kumi, kwa sababu ugali mmoja mkubwa ulikuwa unanilaza juu ya cherehani mpaka saa tisa.

Na nazi? Afisa lishe aliniuliza Tanga bila nazi nitaiweza miaka mingapi. Nikasema, labda miwili. Akasema basi tusianze jambo la miaka miwili. Siku za kazi sipiki nazi. Jumapili tunakuna moja, nyumba nzima.

Kuhusu kukuna, kuna jambo. Mbuzi yetu ni ile fupi ya kukalia, na katika miezi mibaya nilikuwa nikiikalia siinuki bila kuushika ukuta. Kijana wa mazoezi alipouliza nyumbani nina kigoda kifupi cha kujizoezea kukaa na kuinuka, nikacheka, nikamwambia ninacho, tena kina meno. Tukaifunga meno kwa vipande vya kitambaa. Ndiyo iliyonirudishia paja: kukaa, kuinuka, mara tano, baada ya mwezi mara nane. Lakini paja halijengwi kwa uji wa chumvi na majani. Siku nilizoacha kula maharage na yai kwa uvivu, kijana yule alikuwa anazijua bila kuambiwa.

Hospitali walinipima kwa saa. Kuna kipimo kinachotumika duniani kote kwa watu wa MS: unatembea futi 25, mita saba na nusu hivi, haraka uwezavyo bila kujihatarisha. Siku ya kwanza nilitumia sekunde 16 na fimbo. Baada ya miezi tisa, sekunde 9 bila fimbo. Mimi nina kipimo changu cha Ngamiani. Kutoka kazini, mwezi ule mbaya, nilikuwa siwezi kuvuka barabara ya tisa. Sasa naifikia ya kumi na tatu, nanunua nyanya, narudi.

Ni chakula kilichofanya hivyo? Hapa ndipo mpiga kinanda alipoanza pambio, na hapa ndipo nilipotaka kusikilizwa. Mwezi niliobadili chakula ndio mwezi niliorudi kwenye dripu, ndio nilioanza mazoezi, ndio nilioanza kunywa maji. Nyuzi nne zimeingia kwenye sindano moja. Fundi anayekwambia kwamba ni uzi mmoja tu unaoshikilia nguo ile, anakudanganya.

Dada wa Bergen ananitafsiria utafiti, na nimejifunza kuuliza maswali ya kifundi. Mwaka 2018 jarida la Neurology lilitoa uchunguzi wa karibu watu 7,000 wenye MS. Waliokula vizuri, matunda, mboga, nafaka zisizokobolewa, sukari na nyama nyekundu kidogo, walikuwa na ulemavu mdogo kuliko waliokula vibaya. Nilifurahi. Kisha nikajikumbuka. Katika miezi yangu mibaya nilikuwa nakula chipsi mayai usiku kwa usiku. Si kwa kupenda: banda la chipsi liko hatua ishirini, soko liko mbali, na kuchambua mchicha kunataka vidole vinavyotii. Nani basi alimharibu mwenzake, chipsi au mguu? Mwenye miguu ndiye anayekwenda sokoni. Uchunguzi wa kuuliza watu mara moja hauwezi kulijibu hilo, na wenyewe waliouandika walikiri.

Swank naye, pamoja na heshima ya miaka yake 34, hakuwa na kundi la kulinganisha, na mtu aliyezidiwa huweza kuacha masharti kwa sababu amezidiwa. Kuna daktari Terry Wahls wa Iowa, mgonjwa mwenyewe, aliyetoka kwenye kiti cha magurudumu akapanda baiskeli baada ya kubadili chakula na kufanya mazoezi. Habari yake imewatia watu wengi moyo, na imewafilisi wengine walioielewa nusu. Mwaka 2021 alitoa jaribio lililoweka chakula chake na cha Swank ubavu kwa ubavu. Uchovu ulipungua pande zote mbili, ingawa vyakula vyenyewe havifanani: mmoja anasisitiza kupunguza mafuta, mwingine anakataza nafaka na maharage. Kwangu hilo linasema kwamba pengine faida ilitoka kwa kile walichokiacha wote wawili, yaani takataka. Wapitiaji wa Cochrane, mwaka 2020, walisema ushahidi wa chakula kwa MS bado hautoshi kutoa hukumu.

Mimi nahukumu la kwangu tu. Chakula na maji vimenipa choo, vimenipunguzia homa, vimenirudishia paja, na vimenipa saa mbili za kazi mchana ambazo nilikuwa nazilala. Makovu hayajafutika, picha ya mwaka huu inayaonyesha palepale yalipokuwa. Ila hakuna jipya, na hilo nalihesabu kwa dripu.

Kwa hiyo nina ombi. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliweka dawa tatu za MS kwenye orodha ya dawa muhimu, rituksimabu ikiwemo. Wanaopanga bei na bima waione orodha hiyo. Yule muuza virutubisho hakunishinda kwa hoja, alinishinda kwa bei. Na wewe mwenye ganzi isiyoelezeka, au jicho lililoingia ukungu likatoka, usikubali kutibiwa taifodi mara ya tatu.

Dripu yangu ijayo ni mwezi wa kumi. Fimbo iko nyuma ya mlango, na siku za joto kali naichukua. Mbuzi imefungwa kitambaa kwenye meno. Asubuhi nainuka mara kumi na tano bila kushika ukuta. Jumapili naifungua, nakuna nazi moja.